Kabla hujanunua SSD ya laptopu nyembamba, fungua kwanza uone tundu

Kuna meseji ambayo haiishi kwenye WhatsApp yangu: picha ya SSD (ile diski ya chipu ya kuhifadhia faili, haina kitu kinachozunguka) imepigwa dukani, afu chini mtu kaandika "kaka hii itaingia kwenye mashine yangu?" Mi nikimuuliza mashine gani anajibu "HP". Sasa HP ndo kama kuniambia gari lako ni la Kijapani. HP moja inapokea SSD mbili kwa mpigo, HP nyingine haipokei hata moja, na zote zinauzwa kwenye mtaa mmoja Kariakoo zimepangwa kwenye meza moja.

Nimeona niandike yote hapa nikiulizwa tena nitume linki tu.

Kwanza tuelewane kwa nini watu wa laptopu nyembamba wanahangaika na SSD kuliko kitu kingine. Mashine kama ThinkPad X1 Carbon, ThinkPad X280, MacBook Air, hizi zote RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) imechomelewa kwenye bodi tokea kiwandani. Prosesa pia imechomelewa. Ukinunua ya GB 8 utazeeka nayo na GB 8 zako, hamna fundi wa kukuongezea kirahisi. Kinachobaki cha kubadilisha ukiacha betri ni hiyo SSD basi. Na hizi mashine nyingi tunazozipata huku ni zile zilizotoka maofisini Ulaya na Marekani, zikapita Dubai au zikaja moja kwa moja na kontena, ofisi zilizinunua na GB 128 au 256 kwa sababu wafanyakazi wao faili zao ziko kwenye seva, sasa ikifika mikononi kwa mtu wa kawaida mwenye picha za harusi, muvi, na video za watoto, hiyo 128 inajaa kabla hata hujaizoea kibodi.

Tatizo la kuingia na kutoingia lina historia yake na ukiijua hutouziwa mbuzi kwenye gunia. MacBook Air ya kwanza kabisa, ile Steve Jobs aliyoitoa kwenye bahasha Januari 2008, ilikuwa na hadidiski ndogo ya inchi 1.8, GB 80, ya kuzunguka. Ukitaka SSD ya GB 64 ulikuwa unaongeza dola 999. Ndio, GB 64, leo flashi ya namna hiyo unapewa bure kwenye semina. Ilipofika 2010 Apple wakaitoa hadidiski kabisa kwenye Air wakaweka SSD ya kibao, haina boksi, ni kipande cha bodi chembamba kimebeba chipu. 2011 Intel nao wakaja na jina la Ultrabook kwa laptopu nyembamba, kampuni zote zikaanza kukimbizana kupunguza unene, na hapo ndo fujo ilipoanza kwa sababu kila mtu alikata pini zake anavyojua yeye. Zenbook za mwanzo za ASUS zina zake, X1 Carbon ya kwanza ya 2012 ina zake, Apple ana zake na bado akazibadilisha 2012 akazibadilisha tena 2013. Wakati huohuo kulikuwa na SSD ya kibao ya aina ya mSATA iliyokuwa sawa kwa kampuni nyingi. Kwa macho zote ni kibao chembamba chenye chipu nyeusi, ukiziweka mezani mtu asiyejua ataona ni kitu kimoja.

Baadaye ikaja M.2, umbo moja la SSD za kibao kwa kampuni zote, na wengi wakatulia hapo, isipokuwa Apple.

Kwa hiyo kama mashine yako ni ya 2015 kuja juu na sio Apple kuna uwezekano mkubwa ni M.2, lakini usishangilie, M.2 ni umbo tu. Zile namba 2230, 2242, 2280 ni vipimo: upana milimita 22, halafu urefu 30, 42 au 80. Iliyozoeleka ni 2280. Ukiwa na Surface Laptop 3 ni 2230, fupi kama kipande cha bigijii, 2280 haiingii hata uombe. Dell Latitude kadhaa zinakuja na 2230 iliyofungwa kwenye kibati cha kuirefusha, hapo ukitoa kibati unaweza ukakuta nafasi ya 2280 ipo na tundu la skrubu lipo linakusubiri, ila uangalie kwa macho yako, usiamini maneno. ThinkPad X240 na X250 zina sehemu ya hadidiski ya inchi 2.5 ya kawaida, tena zile nyembamba za milimita 7, halafu pembeni kuna katundu kalikokusudiwa modemu ya laini ya simu, kanapokea M.2 ya 2242. Watu wengi wana X250 hawajui kama wana nafasi ya diski ya pili humo ndani.

Halafu kuna hili linalowaliza watu wengi zaidi ya urefu. M.2 inaweza kuwa SATA au NVMe. SATA ni njia ileile ya zamani ya hadidiski, mwisho wake kama megabaiti 550 kwa sekunde. NVMe inapita kwenye PCIe, njia ya kasi zaidi kwenye bodi, ya kizazi cha tatu inafika kama 3500 na ya kizazi cha nne inafika 7000 hivi. Tundu linaweza kukubali moja tu kati ya hizo, na SSD ikiingia kwenye tundu haimaanishi mashine itaiona. Dell XPS 13 ya mwanzo wa 2015, ile 9343, ni SATA tu. Iliyoifuata, 9350, inachukua NVMe. Ziweke pembeni kwa pembeni, utofauti huuoni. Dalili moja ya kukusaidia ni mapengo kwenye pini: SSD yenye mapengo mawili mara nyingi ni SATA, yenye pengo moja mara nyingi ni NVMe. Nimesema mara nyingi, kuna NVMe zenye mapengo mawili pia, kwa hiyo soma na stika.

Ndo maana nasema fungua kwanza. Au kama hutaki kufungua, chukua namba kamili ya modeli, sio "HP", sio "Dell ya silva", ile namba iliyo chini ya mashine, afu tafuta mwongozo wa ufundi wa hiyo modeli. Lenovo, Dell na HP wanaweka miongozo yao ya matengenezo bure kwenye tovuti zao, PDF kabisa yenye picha, imeandikwa skrubu ngapi na unaanzia wapi. Mafundi wetu wengi hawaisomi hii kitu na ndo maana unarudishiwa mashine ina skrubu imebaki mezani anakwambia "hiyo haina kazi boss".

Sasa tuje kwenye MacBook Air maana hapa ndo maswali mengi yanakotoka na hapa kuna utamu wake.

Air za 2013 mpaka 2017, zile zenye tufaa linalowaka nyuma, SSD inatoka. Ni kibao cha Apple chenye pini 12 upande mmoja na 16 upande mwingine, haifanani na M.2. SSD za Apple zenyewe bado zinauzwa za mtumba lakini bei yake kwa GB 256 inaudhi. Njia ya watu wenye akili ni adapta, kapande kadogo kabisa kanakaa katikati, upande mmoja pini za Apple, upande mwingine M.2, unachomeka NVMe ya kawaida ya dukani. Adapta ni bei ndogo. Wengine wanaibandika utepe wa kapton kwenye pini ili isigusane, sio lazima ila haidhuru.

Kuna sharti moja tu na ukilikosa utasema SSD ni kimeo na utarudi kugombana na muuzaji bure. Hizo Air kiwandani hazikujua NVMe ni nini. Apple walikuja kuzifundisha kwenye macOS High Sierra, 2017, kwa sababu ile sasisho ilibadilisha na programu ya ndani ya bodi, ambayo kwa wenzetu wa Windows tungeiita bayosi. Kwa hiyo kama Air yako bado ina macOS ya zamani kama Yosemite au Sierra toka iliponunuliwa, ukiweka NVMe leo haitaonekana kabisa. Unatakiwa kwanza usasishe kwenda High Sierra au zaidi ukiwa na SSD ileile ya Apple ndani, afu ndo ufungue. Na usitegemee ile njia ya kurudisha mfumo kwa intaneti, inaweza kukuletea mfumo wa zamani uliokuja na mashine, nao NVMe hauijui. Tengeneza flashi ya kuinstoo mapema. Hiyo ya Monterey ni kama GB 12, bando lako ulipime kwanza. Air za 2015 na 2017 zinaishia Monterey, za 2013 na 2014 zinaishia Big Sur.

Kwa Air za 2013 na 2014 kuna usumbufu wa ziada, ukifunga kifuniko ukaiacha muda mrefu inalala usingizi mzito, ukifungua inaganda au inajizima na kuwaka upya. Dawa yake ni kuzuia huo usingizi mzito kwenye Terminal, lile dirisha la kuandikia amri, `sudo pmset -a hibernatemode 0 standby 0`, basi. Utalipa kidogo kwenye chaji ikiwa imelala, mi naona ni bei ya haki.

Kufungua: skrubu kumi chini, zile zenye nyota ya pembe tano, mbili za katikati karibu na bawaba ni ndefu kuliko nyingine kwa hiyo zipange mezani jinsi zilivyokaa. Bisibisi yake ni P5, ya ndani inayoshika SSD ni T5. Usijaribu kulazimisha na bisibisi bapa, vichwa vitalika na hapo utakuwa umemtengenezea fundi ulaji. Ukishatoa mfuniko, kitu cha kwanza chomoa waya wa betri. Wa kwanza kabisa. Kabla hujagusa chochote.

Kwenye ThinkPad betri imejificha ndani nayo ila Lenovo wamekuwekea ustaarabu, unaingia kwenye bayosi, Config, Power, unachagua kuzima betri ya ndani, mashine inajizima na betri inakuwa imekatwa mpaka utakapochomeka chaja tena. Napenda sana hii. Shida inakuja mashine ya ofisi ikiwa na paswedi ya bayosi, hapo huingii. Na kama hujanunua bado, hilo ni la kukagua palepale dukani, muuzaji anaiwasha, unabonyeza F1, ikidai paswedi rudisha mezani endelea na nyingine.

Kuhusu ipi ya kununua sasa. Hapa najua nitabishana na watu. Vijana wanataka namba kubwa, wanataka ya 7000, anaenda kuiweka kwenye Air ya 2017 ambayo njia yake ni PCIe ya kizazi cha pili, mwisho wake kama 1500 tu hata uweke nini. Hela ya zile 5500 nyingine imeenda wapi? Na hata mashine ikiwa inaweza, kwenye mwili mwembamba SSD ya spidi kubwa inachemka, hamna feni inayoipuliza, hamna nafasi ya kubandika kile chuma cha kupozea, ikichemka inajipunguzia spidi yenyewe na juu yake inakula betri. Mi nikimshauri mtu mwenye ultrabuku namwambia chukua ya kizazi cha tatu, au ya nne zile za bei ya kati zisizo na kache ya DRAM (chipu ya ziada ya kumbukumbu ya muda), hazina njaa ya umeme. Hela iliyobaki ongeza ukubwa, toka 500 nenda TB 1. Utofauti wa kutoka hadidiski kwenda SSD yoyote unausikia mwilini, wa kutoka 1500 kwenda 7000 kwa mtu wa Chrome na Excel utausoma kwenye programu ya kupimia tu.

Angalia na unene. Kuna SSD zenye chipu pande zote mbili za kibao, hizo kwenye mashine nyembamba zinaweza kubonyeza bodi au mfuniko usikae. Tafuta za upande mmoja.

QLC na TLC, zile aina mbili za chipu za SSD? TLC kama unaweza. QLC inabana biti nne kwenye kila seli badala ya tatu, ndo maana ni rahisi, lakini ikijaa au ukiimwagia faili kubwa mfululizo inazubaa vibaya. Kama wewe ni mtu wa kuhifadhi tu sio mbaya, kama unaediti video utailaani.

Afu feki. Jamani feki zipo, tena siku hizi zimevaa vizuri kuliko orijino. Samsung ya TB 4 kwa bei ya GB 500 haipo duniani, hata muuzaji akuapie kwa mama yake. Nyingine ndani ni flashi imechezewa ionyeshe ukubwa ambao haina, Windows inakwambia TB 2, unajaza vizuri kabisa, siku unafungua picha ni vumbi. Dawa ni H2testw, programu ya bure, inaijaza diski yote na kuisoma tena kuona kama data imerudi ileile. Inachukua muda, iache ifanye usiku. Kwa mtumba fungua CrystalDiskInfo, programu ya kusoma hali ya diski, mbele ya muuzaji, uone asilimia za afya, saa zilizotumika, na jumla ya data iliyoandikwa. Mtumba sio dhambi. SSD iliyotoka kwenye laptopu ya ofisi iliyoandikwa TB 15 kati ya 300 ilizopewa dhamana na kiwanda bado ni binti, naichukua kabla ya mpya ya jina nisilolijua. Ila "afya 100%, saa 0" kwenye kitu kilichochubuka pini, hapo ondoka.

Kuhamisha data kuna makundi mawili, la kukloni (kunakili diski nzima kama ilivyo) na la kuinstoo upya, na mi niko kundi la kukloni, sababu ya bando. Unanunua keisi ya USB ya NVMe, unaweka SSD mpya humo, unakloni na Clonezilla, au na programu ya kampuni yenyewe kama SSD ni Samsung, afu unabadilishana. Keisi ziko za SATA tu, za NVMe tu, na zenye chipu ya RTL9210B zinazopokea zote, hiyo ya mwisho ndo ya kununua. Kabla ya kukloni Windows angalia kama BitLocker, kufuli la Windows la diski, imewashwa, laptopu nyingi mpya zinafunga diski zenyewe bila kukuuliza, simamisha hiyo kitu kwanza na ile funguo ndefu ya kuokolea iandike kwenye karatasi. Nimemuona mwalimu mmoja mtu mzima anakaribia kulia, data zote za darasa lake zipo palepale kwenye diski, nzima kabisa, na hakuna njia ya kuzifungua kwa sababu funguo ilihifadhiwa kwenye akaunti iliyofunguliwa nayo mashine, na akaunti hiyo ilikuwa ya muuzaji.

Ukipenda kuinstoo upya na mashine yako ni Intel ya kizazi cha 11 kuja juu, utafika pale pa kuchagua diski ukute patupu. Usiirudishe SSD dukani. Ni kitu kinaitwa VMD, setingi ya Intel ya kusimamia diski, instola ya Windows haina draiva yake. Ama unaizima kwenye bayosi ama unapakua draiva ya Intel RST unaiweka kwenye flashi na kuipakia palepale. Lakini kama unakloni mfumo wa zamani usiguse hiyo setingi, Windows itagoma kuwaka na skrini ya bluu, na kwa Dell ni hivyohivyo ukicheza na RAID na AHCI, zile setingi za bayosi za namna ya kuongea na diski.

Jambo la mwisho la kupima ni kama mashine yenyewe inastahili hiyo hela. Windows 10 iliishiwa matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha 8 kuja juu. ThinkPad X280 na T480s za kizazi cha 8 zinapita, hizo wekea TB 1 bila kujiuliza. X250 haipiti, hiyo mpe SSD ya SATA ya bei ndogo uiwekee Linux, inakimbia vizuri tu.

Na wale wa MacBook Air za 2018 mpaka hizi za M1 na kuendelea, na wale wa HP Stream zenye eMMC (hifadhi ya chipu ya bei ndogo) ya GB 32, mnaniuliza sana na jibu ni moja, imechomelewa, hamna tundu. Kwa Mac nunua SSD ya nje ya USB-C uhamishie muvi na picha huko. Kwa Stream weka kadi ya microSD ya faili, na siku Windows ikikataa kusasisha kwa kukosa nafasi, na itakataa, muuzie dogo anayetaka ya kuandikia tu, umwambie ukweli kabla hajatoa hela.